Mwaka wa Mstatili Mwekundu

Nilimwona mwanangu kwenye televisheni, msibani kwa watu, huko Njiro, nikiwa na sahani ya pilau mapajani. Alikuwa mstatili mdogo mwekundu chini ya ukuta wa mawe. Ukuta ulikuwa unazunguka polepole pamoja na mnara wake na matundu yake ya bunduki, na kila ulipogeuka upande wa kaskazini ule mstatili ulijitokeza, ukakaa kidogo, ukapotea nyuma ya pembe. Televisheni ilikuwa kubwa, wameiweka barazani chini ya picha ya marehemu ili waombolezaji waone kazi ya mikono yake. Mama mmoja mwenye kitenge cha sare ya ukoo, aliyekaa kiti cha jirani, akaniinamia: "Umeona? Mtu anaondoka, kazi inabaki. Hilo boma lote alilipima yeye, jiwe kwa jiwe, akaliingiza kwenye kompyuta. Hata likianguka leo, lipo." Mzee mmoja nyuma yetu akauliza hiyo nyekundu ni kitu gani. Yule mama akasema labda ni tangi la maji. Nikaweka sahani chini. "Ni mtoto wangu," nikasema. "Anaitwa Elisante." Mama akanitazama, akakusanya kitenge chake, akahamisha kiti.

Marehemu sote tulimwita Injinia, na jina lake halisi silitaji hapa kwa sababu ana watoto na watoto hawana kosa. Sikwenda kumlilia. Gasper, aliyekuwa fundi wake wa kompyuta, aliponipigia simu kuniambia amefariki, nilifunga saluni yangu ya Sakina, nikamchukua binti yangu Nai, nikaenda kuhakikisha. Nilisimama kwenye foleni ya kuaga, nikamwona: kanyolewa vizuri, tai imekaa, pamba puani. Watu husema ukimwona uliyemchukia amelala vile, hasira inayeyuka yenyewe. Yangu haikuyeyuka. Iko pale pale ilipokuwa tangu mwaka ule, na ninauandika mwaka wenyewe sasa hivi kabla sijachoshwa na wanaonishauri nisamehe.

Mambo ya nilizaliwa na nani na nilikua vipi siyaweki hapa. Nilikuwa na miaka ishirini, nina cheti cha kidato cha nne ambacho hakuna aliyewahi kuniomba nimwonyeshe, na mume Mchaga aliyekuwa dereva wa trekta kwenye shamba la kahawa la serikali, juu ya Kimandolu kama unapanda mlimani. Katikati ya shamba kulikuwa na boma. Sio lile la mjini linalojulikana na wote. Letu lilikuwa dogo, la mawe meusi ya Meru, lililojengwa kwa amri ya Wajerumani na kwa migongo ya watu wa pale: kuta nne, mnara mmoja kwenye pembe, na matundu membamba ambayo upepo wa asubuhi ulipita ukipiga mluzi. Waingereza waliligeuza mahabusu, shamba likaligeuza ghala la mbolea. Sisi wafanyakazi tuliishi kwenye mabanda ya bati yaliyoegemea ukuta wa nyuma. Halafu shamba likauzwa. Neno lenyewe lilikuwa bado jipya midomoni, ubinafsishaji, wanaume walilitamka kwa vipande kama mtu anayetafuna mfupa. Watu wakapunguzwa kazi, wakaambiwa wakae kwenye mabanda mpaka mwekezaji akabidhiwe. Redio ilisema uchumi umefunguliwa. Kwetu kilichofunguliwa ni milango ya ghala. Watu walibeba mpaka bawaba.

Elisante alikufa masika. Alikuwa hajabatizwa, hajaota jino. Kifua kilimbana jioni, na asubuhi nilipofika zahanati ya shamba nikakuta kufuli, kwa sababu zahanati nayo ilikuwa kwenye mauzo. Tulipofika kwingine nilikuwa nimembeba mtoto aliyekwisha kupoa. Mchaga hurudishwa kwao kuzikwa, lakini kwa kitoto cha vile hakuna anayekodi gari, na wazee wa pale walizoea kwamba mtoto asiyeota meno anazikwa na wanawake peke yao, bila wimbo, bila wanaume kusimama. Aliyechimba ni Koko. Koko ni bibi, ndivyo wanavyoita kule. Jina lake jingine sikuwahi kulisikia. Alikuwa mjane wa Kimeru, mpishi wa shamba tangu zamani, mwembamba, na mdomo wake haukuwa na breki. Alichagua chini ya ukuta wa kaskazini, nje, kwa sababu maji ya mvua hayatuami pale. Alimfunga kwenye khanga yangu, akamlaza, akafukia, akachomeka isale. Isale kila mtu wa Meru na Kilimanjaro analijua, lile jani refu lenye shina jembamba, halifi hata ukilisahau. Ni mpaka wa shamba, ni ombi la msamaha, ni alama ya kaburi. Ukiliona limesimama peke yake mahali huulizi. Unazunguka.

Basi baridi ya Juni ilipokwisha kushika, wakaja wapimaji. Injinia alikuja na gari lenye matope, kofia ya majani na fimbo ya kutembelea ambayo hakuihitaji. Gasper, fundi wa kompyuta, kijana wa Moshi mwenye mashati ya mitumba yaliyonyooshwa kwa pasi mpaka yanakata, alikuja amekumbatia mashine kama mtu aliyebeba yai. Mauzo yalikuwa na sharti: boma ni la kihistoria, lazima lichorwe lote kabla ya kukabidhiwa. Ofisi yao waliiweka kwenye chumba kilichokuwa mahabusu, kwa sababu kina kitundu kimoja cha dirisha na vumbi haliingii. Ukutani bado kulikuwa na majina ya watu waliokwaruza kwa msumari. Chini ya majina hayo Gasper akapanga kompyuta yenye kichwa kikubwa kama jiko, na nje jenereta ikaanza kunguruma kutwa, tukazoea kuzungumza kwa kupiga kelele. Koko na mimi tukachukuliwa kupika.

Chumba kile nakikumbuka kuliko nyumba niliyoolewa. Kilinuka mbolea ya zamani, dizeli na loshoro, mahindi na ndizi na maziwa mgando, ambayo Koko aliipika nzito mpaka mwiko unasimama. Siku za kwanza Gasper alikuwa anaichungulia sahani yake. "Kula, acha kutafutatafuta nyama," Injinia akamwambia. Gasper akasema, "Injinia, chakula kama hiki kwetu anapewa mzazi." Koko, yuko mlangoni na sufuria, hakugeuka hata shingo: "Basi zaa." Injinia alicheka mpaka akavua miwani. Alikuwa mtu wa kucheka, lazima niseme. Alikuwa Mchaga wa Machame, Mlutheri wa kuomba kabla ya chai, anasalimia hata watoto, anauliza habari za kifua cha mtu aliyemsikia akikohoa juzi. Ndiyo maana hasira yangu haipati pa kukaa vizuri. Angekuwa mshenzi ningekuwa nimeshamsahau.

Ilikuwa kwenye chakula hicho hicho nikamsikia anamweleza Gasper: "Mchoro ndio mkataba. Kilichomo kwenye mchoro, mnunuzi hawezi kusema hakukiona." Nilikuwa naosha vyombo. Nikabaki na sahani mkononi, maji yanachuruzika. Nilichosikia mimi ni kwamba kikiingia kwenye mchoro kimepona. Asubuhi yake nikamfuata.

"Shikamoo, Injinia."

"Marahaba, mama. Chai iko tayari?"

"Chai ipo. Nataka kushika ile fimbo ya kioo."

Akatabasamu. "Ile kazi inataka mtu aliyesoma."

"Nimemaliza kidato cha nne."

"Inataka kusimama kutwa nzima, mama."

"Kwani kupika nakaa?"

Gasper akapaliwa na chai. Nikapewa fimbo. Ilikuwa ndefu kunizidi, ina kioo juu na pima maji ya duara katikati. Unaisimamisha mahali unapoonyeshwa, pembe ya jiwe, kizingiti, ufa, unaitikisa kidogo kidogo mpaka povu litulie katikati ya duara, unabana pumzi, kule mbali Gasper anachungulia kwenye mashine yake ya miguu mitatu, anabonyeza, inalia, na hapo uliposimama pameshakuwa namba. Jioni namba zinaingia kwenye kompyuta, zinaungana kwa mistari, na ukuta unaota kwenye kioo kama meno. Niliipenda kazi ile. Sitasema uongo eti niliteseka. Kwa mara ya kwanza tangu masika nililala usiku, maana kila jioni niliona mistari inasogea kuelekea ukuta wa kaskazini, na nilikuwa nangoja ifike kwa mwanangu. Tumboni alikuwa ameshaingia Nai, bado hajaonekana.

Kabla ya kupima ukuta, ukuta unasafishwa. Mashine haioni nyuma ya majani. Vibarua walipita na mapanga, wakafyeka lantana, mibono, mpaka maua ya mwanamke mmoja aliyekuwa anayauza kanisani. Walipokaribia kaskazini nikaacha fimbo, nikaenda kusimama mbele ya isale. Kibarua akaniambia, "Mama, toka, tumeambiwa kila kitu." Injinia akaja. Akaliangalia lile isale, akauangalia udongo ulioinuka kidogo chini yake, mfupi, akaniangalia mimi. Hakuuliza. Akavua kofia. "Pole sana, mama," akasema taratibu. Kisha kwa vibarua: "Hili liacheni. Anayeligusa naye nitamfyeka." Koko aliposikia akasema huyo sasa ni mtu, ana mama. Isale likabaki limesimama peke yake kwenye udongo mtupu, urefu wote wa ukuta hakuna jani jingine. Nilidhani nimeshinda.

Picha ilipokamilika, Injinia alituita wote wa mabandani tuje tuone. Tulijazana kwenye ile mahabusu, wengine wanachungulia mlangoni, na Gasper akalizungusha boma letu kwa kidole. Watu walipiga miluzi. Lilikuwa limesimama kwenye weusi mtupu, bila mlima nyuma, bila moshi, bila kuku. Kuta zilikuwa nyeusi, zile za Mjerumani. Palipoongezwa na Waingereza ni bluu. Vitu vya juzi, nyekundu. Mabanda yetu yote yalikuwa mekundu, jiko la Koko jekundu, choo chekundu. Watu wakafurahi kuona kila mmoja kwake. "Mimi yule!" mzee mmoja akapiga kelele akionyesha banda lake, na wote tukacheka. Mimi nilikuwa naangalia chini ya ukuta wa kaskazini. Palikuwa laini kama meza.

Nikasubiri watu watoke. "Isale liko wapi?"

Gasper akabonyeza mahali, vikatokea viduara vya kijani kuzunguka boma. Mibuni, migrivilea, na kimoja karibu na ukuta. "Ndilo hili, dada. Liko kwenye kundi la mimea."

"Sikuulizi mmea. Kaburi liko wapi?"

Injinia alikuwa anamenya ndizi. Akaiweka. "Mama Elisante, nisikilize. Sisi tunachora kilichojengwa. Kaburi kwenye kanuni zetu lina zege, lina mawe, lina msalaba. Pale mashine imeona mmea."

"Wewe ni Mchaga. Wewe umeona mmea?"

"Mimi nimeona kaburi," akasema. "Kanuni zimeona mmea."

Nilitoka. Nilimkuta Koko kwenye moto, nikamweleza. Akanisikiliza huku anapuliza kuni, macho yamejaa moshi. Mwisho akasema, "Kanuni zinataka zege? Tuzipe zege. Saruji ya ghalani tunayo, si walituibia kazi?"

Naomba anayesoma aelewe, kwa sababu wasomi niliowahi kuwasimulia wananitazama kama mjinga. Kwetu mtu akija na mashine ya kupimia, kilichojengwa ndicho kinachohesabika. Kila mtu pale ameshaona barabara inapita mahali: aliyekuwa na msingi alisikilizwa, aliyekuwa na migomba akaambiwa pole. Tulikuwa tunajua jambo hilo kama tunavyojua njia ya mtoni. Injinia alipokwenda mjini mwisho wa wiki, wanawake wakabeba maji, mume wangu akachanganya kokoto, akasuka msalaba kwa vyuma vya trekta. Koko aling'oa isale kwa mikono yake, alilisemesha kwa Kimeru wakati analing'oa, akaliweka kando kwenye kopo. Tukamwaga zege juu ya mwanangu, tukalilainisha kwa ubao. Nikaandika jina kwa kijiti. Lilikuwa kaburi zuri. Lilikuwa bora kuliko nyumba yetu.

Jumatatu Injinia akarudi. Alisimama mbele ya lile zege kwa muda, mikono nyuma. Nilikwenda nikasimama pembeni yake kama mwanafunzi aliyefaulu. "Sasa kimejengwa," nikamwambia. Alifungua mdomo. Hapo ndipo ninapomshikilia mpaka leo, hapo alipofungua mdomo. Maana neno lilikuwepo, niliona kabisa linakuja. Akaufunga. Akasema, "Haya. Gasper, pimeni." Nikachukua fimbo. Nikaisimamisha kwenye kila pembe ya kaburi la mwanangu, nikatuliza povu, nikabana pumzi, mashine ikalia, na kila ilipolia Koko akapiga kigelegele. Gasper hakuinua uso kutoka kwenye lenzi. Nilidhani ni aibu ya kijana mbele ya msiba wa mtu.

Jioni ile nikauona kwa mara ya kwanza, mstatili mdogo mwekundu. "Mbona mwekundu?" nikauliza. Gasper akasema, "Ndiyo rangi ya vitu vya karibuni, dada." Nikaridhika. Nikajiambia nyekundu ni kama ile ya kwenye nguzo za umeme wa hatari, kwamba hapa usiguse. Nikamwambia Koko, Koko akawaambia wengine, na watu wakazidi kuyapenda mabanda yao mekundu. Miezi ile tumbo lilikua. Kila Jumapili baada ya ibada nililiosha kaburi kwa maji na kitambaa. Wanaosema leo kwamba Injinia alihifadhi wanasema kweli kwa namna yao: kwenye kompyuta lipo bado, nimeliona juzi nikiwa na pilau mapajani, halina vumbi, jua haliliunguzi, na halina jina, kwa sababu mashine ilichukua pembe tu, maandishi ya kijiti haikuyachukua.

Aliyeniambia ni Gasper. Makabidhiano yalikuwa yamekaribia, wageni wanatarajiwa, na mimi nilikuwa nimepiga magoti kwa shida naosha zege. Alikuja akachuchumaa mbali kidogo, anachezea kifuniko cha kalamu.

"Dada, acha kuosha."

"Kwa nini?"

"Nyeusi inabaki. Bluu inajadiliwa. Nyekundu inaondolewa." Alisema upesi kama mtu anayetema kitu. "Yote. Mabanda, jiko, yote. Na hapa chini ya ukuta unapita mtaro, ukuta unanyonya maji. Mwekezaji anaanza wiki ijayo."

Nilimuuliza swali moja tu, kama lingekuwa isale. Akatazama pembeni. "Isale lilikuwa mmea tu. Injinia alikuwa ameshauchora mtaro, ameupindisha kidogo hapa ulizunguke. Hakumwambia mtu. Mlipojenga kikawa kitu, na kitu lazima kiwe na rangi. Akaunyoosha."

Nilimkuta Injinia ofisini, peke yake, anakula kiburu cha Koko, ndizi na maharage, kwenye bakuli. Sikumwamkia. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia siku ile mbele ya zege.

"Keti, mama. Hali yako hiyo."

"Sikai."

Akaweka kijiko. "Nilipoona mmeshamwaga, nikajua nikisema nitakuvunja moyo. Nikasema nitatafuta njia. Njia sikuipata. Mchoro una saini yangu. Nikificha kitu kimoja, wataniuliza nimeficha vingapi."

"Mtaro ulikuwa umeupinda."

Akasogeza bakuli pembeni. Nje jenereta ilikuwa inanguruma. "Ule ulikuwa mmea," akasema. "Mmea naweza kuupisha. Hakuna anayeniuliza." Halafu akaniahidi kwamba wageni wakishaondoka atazungumza na mwekezaji, mtoto ahamishwe kwa heshima, pastor aitwe. Alisema vizuri sana. Nilimwangalia mdomo, una punje ya haragwe pembeni, nikawaza kwamba mwanaume huyu angeweza kuniokoa kwa neno fupi kuliko hayo yote, "ling'oeni," na mimi ningeling'oa siku ile ile, zege bado bichi, ningerudisha isale la kwenye kopo, na mtaro ungepinda.

Siku ya wageni waliweka turubai uani ndani ya boma. Kulikuwa na soda, sambusa, viti vyenye vitambaa, na kompyuta imetolewa nje ili boma lionekane linazunguka ndani ya boma. Injinia alikuwa amevaa suti. Alikuwa ameanza kuwaeleza wageni unene wa kuta nilipopita na nyundo kubwa ya mume wangu begani, tumbo mbele, Koko nyuma yangu na jembe. Tulizunguka ukuta. Pigo la kwanza halikufanya kitu, liliniumiza viganja. La pili likatoa ufa katikati ya jina. Niliwasikia ndani wanasukuma viti. Walipotokeza kwenye pembe ya mnara, suti na miwani na mwanamke mmoja mwenye kamera, nilikuwa naendelea.

"Mama Elisante," Injinia akasema, sauti ya chini, ya mtu anayetuliza ng'ombe. "Tafadhali. Subiri wageni waondoke."

"Natekeleza mchoro wako, Injinia. Nyekundu inaondolewa."

Mgeni mmoja akamuuliza kwa Kiingereza ninachofanya. Mume wangu alikuja mbio kutoka mabandani, nikadhani anakuja kunizuia kwa aibu, lakini alinyoosha mkono tu: "Lete." Akapiga yeye. Alipiga, machozi na jasho vinaungana kwenye kidevu, mpaka zege likawa vipande na msalaba wake wa vyuma ukalala. Alipoinama ashike jembe, Koko akamsukuma kifua kwa kiganja. "Zege lilikuwa lako. Udongo ni wetu. Geuka." Akageuka, akasimama anatazama mlima. Na wale wanaume wa suti, sijui nani aliwaeleza, nao mmoja mmoja wakageuka. Yule wa kamera alibaki akiangalia, Koko akamwambia neno la Kimeru ambalo halihitaji kutafsiriwa, akageuka naye. Gasper alizima jenereta. Sikuwa nimewahi kusikia mahali pale pakiwa kimya hivyo.

Tulichokipata siandiki. Khanga ilikuwa bado inajulikana. Nilikuwa nimekuja na kitenge kipya, nikamfunga, nikambeba mbele, juu ya mwenzake aliyekuwa tumboni anageukageuka. Shimo tuliliacha wazi, wachimba mtaro wapunguziwe kazi.

Tulipofika barabara ya kutokea shambani Injinia alitufuata, viatu vyake vya suti vinateleza kwenye vumbi. Hakuwa mtu wa kukimbia. "Mnampeleka wapi?" akauliza, anahema. "Niambieni tu ni wapi, nikiandike kwenye maelezo. Kisipotee."

Nadhani hilo ndilo lililokuwa jema kuliko yote aliyojua kulitoa, na ndilo lililonifanya nitake kumpiga.

"Andika kwamba kimeondolewa," nikamwambia.

Mabanda yalivunjwa wiki iliyofuata, tukatawanyika, Nai akazaliwa kwenye chumba cha kupanga Sakina. Boma sasa ni hoteli, kuta zimesuguliwa, mtaro umepita umenyooka chini ya ukuta wa kaskazini. Koko naye ameshakufa. Siku ile, tulipomaliza kufukia kule tulikokwenda, alifungua kopo akataka kuchomeka isale, nikamshika mkono. Alinitazama sana, mwanamke ambaye hakuwahi kukosa la kusema, akalitupa. Hakuna jani, hakuna jiwe, hakuna zege pale. Nai anapajua, nimempeleka mwenyewe na kumsimamisha juu yake, na akiniuliza kama anaweza kupeleka maua nasema hapana. Na humu siandiki ni upande gani wa mlima.